Mnada wa Hewa Ukaa



Jioni hii nazungumzia mnada. Tarehe 25 Septemba 2008, siku kumi baada ya benki ya Lehman Brothers kufilisika New York na masoko ya fedha ya dunia kuanza kuporomoka, majimbo sita ya kaskazini mashariki mwa Marekani yaliuza kitu ambacho hakuna serikali yoyote ya nchi hiyo iliyowahi kukiuza: ruhusa ya kutoa hewa ukaa. Viliuzwa vibali zaidi ya milioni 12 na nusu, kila kimoja kwa dola 3 na senti 7, na majimbo yakakusanya kama dola milioni 38 na nusu. Kwa hesabu za wiki ile, mabenki yakipoteza mabilioni kila kukicha, hizo zilikuwa fedha za chai. Magazeti mengi hayakujishughulisha nazo.

Mpango wenyewe unaitwa kwa kifupi RGGI, na Wamarekani huutamka Reji, kama jina la mtu. Kirefu chake ni mpango wa kikanda wa gesi joto. Aliyeuanzisha ni George Pataki, gavana wa New York wakati huo, ambaye mwaka 2003 aliwaandikia barua magavana wenzake wa ukanda ule akiwataka wapunguze kwa pamoja hewa ukaa inayotoka kwenye mitambo ya kufua umeme. Pataki alikuwa wa chama cha Republican, na kwa wanaofuatilia siasa za Marekani za leo hilo ni jambo la kushangaza kidogo. Serikali ya Washington ilikuwa imeukataa Mkataba wa Kyoto, kwa hiyo magavana wakaamua kutoingoja. Desemba 2005 majimbo saba yakatia saini. Massachusetts na Rhode Island, zilizokuwa kwenye mazungumzo tangu mwanzo, zikasita dakika za mwisho, kisha zikaingia 2007 pamoja na Maryland. Ilipofika tarehe 1 Januari 2009 siku ya kuanza kuhesabu, majimbo yalikuwa kumi.

Kabla sijaenda mbali, niondoe utata. Huku kwetu ukitaja biashara ya kaboni, mawazo ya watu yanakwenda msituni. Tunawajua wanakijiji wa Gazi, kule Kwale, wanaolinda mikoko yao kupitia mradi wa Mikoko Pamoja. Tunawajua Wahadzabe wa Yaeda Chini, Mbulu, wanaolipwa kwa kuutunza msitu wao. Pale kinachouzwa ni kredi ya kaboni: tani iliyozuiwa isiende angani, au iliyofyonzwa na miti. Mnunuzi mara nyingi ni kampuni ya mbali inayolipa kwa hiari ili iweze kujisifu kwamba imefidia uchafuzi wake. RGGI haina hiari ndani yake. Mwenye mtambo hapewi nafasi ya kujifikiria, na hawezi kununua kredi za mikoko ya Gazi akajitoa kwenye deni lake. Sheria ziliruhusu asilimia 3.3 tu ya deni ifidiwe kwa miradi ya nje ya mitambo, na lazima miradi hiyo iwe ndani ya majimbo yenyewe. Kwa miaka yote ya mpango ni mradi mmoja tu uliofanikiwa kupata kredi hizo, wa kukusanya gesi ya jalala huko Maryland. Kwa hiyo msikilizaji uliyekuwa unawaza kwamba huu ni mlango wa kuuzia misitu yetu, samahani, si mlango huo.

Unavyofanya kazi ni hivi. Majimbo hukubaliana kikomo: tani kadhaa za hewa ukaa ambazo mitambo yao yote kwa pamoja haitazivuka kwa mwaka. Kisha hutoa vibali sawasawa na idadi ya tani hizo, kibali kimoja kwa tani moja ya Kimarekani, yaani pauni 2,000, kama kilo 907. Kila mtambo wa megawati 25 na zaidi unaochoma makaa ya mawe, mafuta au gesi lazima, kila baada ya miaka mitatu, ukabidhi vibali vinavyolingana na ulichokitoa. Mwenye vibali vya ziada anaweza kuvitunza au kumuuzia mwenzake, na aliyepungukiwa atanunua. Hakuna ofisa atakayekuja kukuambia ufunge tanuri hili au ununue mashine ile. Unaamua mwenyewe, ila unaamua ukijua kila tani ina bei.

Mnada hufanyika mara nne kwa mwaka: Machi, Juni, Septemba na Desemba. Ukiwahi kufika soko la samaki la Feri, Dar es Salaam, asubuhi, umeona dalali anavyopandisha bei kwa sauti, macho ya wanunuzi yakichungana, huyu akimtega yule. Mnada wa RGGI hauna hata chembe ya hayo. Kila mnunuzi anawasilisha kwa mtandao dau la siri: nataka mafungu haya, ya vibali elfu moja kila fungu, na niko tayari kulipa bei hii. Madau hupangwa kutoka la juu hadi la chini mpaka vibali viishe, na bei ya pale vinapoishia ndiyo wanayolipa wote. Aliyetaja dola 20 na aliyetaja 15, mstari ukikatwa kwenye 14, wote wanalipa 14. Mnunuzi mmoja haruhusiwi kuchukua zaidi ya robo ya mzigo. Ni mnada wa kimya na wa kuchosha, na nadhani hiyo ni sifa njema, maana hakuna kashfa kubwa iliyotoka humo.

Sasa tuone namna kibali kinavyoingia kwenye umeme. Chukua mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 500 ukiwa umewashwa kwa nguvu zote. Kwa saa moja unatoa kama tani 550. Kibali kikiwa dola 3, saa hiyo inaugharimu mtambo dola 1,650. Kikiwa dola 25, saa ileile inagharimu dola 13,750. Mtambo wa gesi wa kisasa wenye ukubwa uleule hutoa chini ya nusu ya tani hizo, na mitambo ya maji, upepo na nyuklia hailipi chochote. Kule New England waendesha gridi hupanga mitambo kila siku kwa kufuata bei: wa bei nafuu huitwa kwanza, wa ghali huachwa hadi watu wafike nyumbani jioni na kuwasha kila kitu. Mwenye mtambo wa makaa anajumlisha gharama ya vibali kwenye bei yake, anasogea nyuma kwenye foleni, na siku nyingine haitwi kabisa. Nadharia nzima ni hiyo, na iliwahi kujaribiwa. Tangu 1995 Marekani ilikuwa imetumia mfumo wa vibali kupunguza gesi ya salfa iliyosababisha mvua ya tindikali, ikafanikiwa kuliko watu walivyotarajia.

Lakini mfumo ule wa salfa ulivigawa vibali karibu vyote bure. Ulaya nayo, ilipofungua soko lake la kaboni mwaka 2005, iligawa bure. Kilichotokea Ulaya kinastahili kukumbukwa. Makampuni ya umeme yalipewa vibali bila kulipa senti, halafu yakaweka thamani ya vibali hivyo kwenye bei ya umeme, kwa sababu kibali ulichopewa bure bado ungeweza kukiuza. Mteja akalipia kitu ambacho kampuni haikukinunua. Magavana wa RGGI waliyaona hayo, wakaamua kuuza karibu vibali vyote. Mimi naona uamuzi huo ulikuwa na maana kuliko kikomo chenyewe.

Kikomo cha kwanza, kusema kweli, hakikumbana mtu. Kiliwekwa tani milioni 188 kwa mwaka, kwa makadirio yaliyofanywa kabla mdororo wa uchumi haujaingia na kabla gesi ya miamba ya Marcellus, kule Pennsylvania, haijashusha bei ya gesi. Miaka mitatu ya mwanzo, 2009 hadi 2011, mitambo ilitoa wastani wa tani milioni 126 tu. Vibali vikazagaa. Bei ikaanguka hadi ile ya chini kabisa iliyoruhusiwa, pungufu ya dola 2, na baadhi ya minada ikaisha na mzigo mkubwa bila mnunuzi. Kama si bei hiyo ya chini, ambayo wabunifu wa mpango waliiweka tangu mwanzo kwa tahadhari, vibali vingekuwa karatasi.

Tazama Brayton Point. Ulikuwa mtambo mkubwa kuliko yote ya makaa ya mawe huko New England, mjini Somerset, Massachusetts, kando ya ghuba. Mwenye mtambo alilazimishwa kwa sheria za maji kujenga minara miwili ya kupozea, kwenda juu kama mita 150, ili asiendelee kumwaga maji ya moto baharini na kuua samaki. Iligharimu mamia ya mamilioni ya dola. Haikupita miaka mingi, mwaka 2013, ukatangazwa uamuzi wa kuufunga mtambo. Ukazimwa kabisa mwishoni mwa Mei 2017, na Aprili 2019 minara ile ikalipuliwa, watu wakiwa wamesimama kandokando kutazama. Je, RGGI ndiyo iliyouua? Mwaka uamuzi ulipotangazwa kibali kilikuwa kama dola 3. Gesi ya bei rahisi ndiyo iliyouua, kibali kilisindikiza tu.

Wapo watakaonipinga, na wana hoja. Wachumi wawili, Brian Murray na Peter Maniloff, walichapisha mwaka 2015 utafiti unaokadiria kwamba bila RGGI hewa ukaa ya ukanda ule ingekuwa juu kwa asilimia 24. Nawaheshimu. Ila kutenganisha kazi ya kibali cha dola 2 na kazi ya gesi iliyoshuka bei kwa kiasi kile si jambo rahisi, na nikisikia mwanasiasa akisema mpango huu peke yake umepunguza hewa ukaa karibu nusu tangu 2005, najua anauza sera. Imepungua karibu nusu, hilo ni kweli. Sababu ni nyingi.

Kazi ambayo hakuna awezaye kuinyang'anya RGGI ni ya fedha za mnada. Tangu 2008 majimbo yamekusanya zaidi ya dola bilioni 7, na makubaliano ya awali yalidai angalau robo ya thamani ya vibali itumike kwa faida ya wananchi. Majimbo mengi yalivuka hapo mbali. Fedha nyingine zilikwenda kwenye ruzuku za umeme wa jua, nyingine kupunguzia bili familia maskini. Fungu kubwa liliingia kwenye kuta za nyumba.

Hapa wasikilizaji wetu wa Lowell na Worcester, Massachusetts, na Wakongomani, Warundi na Wanyarwanda wa Portland na Lewiston huko Maine, watanielewa upesi, maana wao ndio wanaolala kwenye nyumba hizo mwezi wa Januari. Nyumba za mbao za miji ile nyingi zina umri wa karne na zaidi. Mkaguzi wa nishati akija, anafungua mlango wa mbele, anauzibia kitambaa kizito chenye fremu, na katikati ya kitambaa anaweka feni kubwa. Feni inavuta hewa ya ndani kuitoa nje. Baridi inaanza kupenya kila ilipo nafasi: kwenye soketi ya umeme, chini ya ubao wa ukuta, pembeni ya dirisha lililoonekana zima. Anapita na kamera inayoonyesha joto, anaandika. Wiki nyingine mafundi wanatoboa ukuta kwa nje, wanapuliza ndani karatasi chakavu zilizosagwa na kutiwa dawa ya kuzuia moto, wanaziba matundu, wanaondoka. Kwa familia zenye kipato kidogo kazi hiyo mara nyingi haina malipo. Sehemu ya fedha zake ni za mnada. Maine imezitumia pia kusaidia watu kununua pampu za joto, mashine inayopasha nyumba kwa umeme badala ya mafuta. Jimbo lilijiwekea lengo la pampu 100,000 ifikapo 2025, likalifikia 2023.

Linganisha na New Hampshire, iliyotunga sheria ya kurudisha sehemu kubwa ya fedha kwa wateja kupitia bili zao. Kwa kauli ni haki kabisa: fedha zako, chukua. Kwa vitendo ni senti chache katikati ya tarakimu nyingi kwenye karatasi ambayo hakuna anayeisoma yote. Ukuta uliozibwa unaokoa fedha kila majira ya baridi, na unapunguza umeme unaohitajika, kwa hiyo unapunguza vibali pia.

Fedha zinapokaa mahali, wenye mikono mirefu huziona. Mwaka 2009 New York, ikiwa na nakisi ya bajeti, ilichukua dola milioni 90 za RGGI ikazipeleka kwenye mfuko mkuu wa serikali. Mwaka uliofuata New Jersey ilichukua milioni 65. Hatua hizo zilikuwa halali kisheria. Lakini siku hizo ndizo zilizowapa wapinzani silaha yao bora: mlituambia ni ada ya kulinda hewa, kumbe ni kodi.

Na neno kodi ndilo lililoutikisa mpango huu kuliko bei yoyote ya gesi. New Jersey ilijitoa mwishoni mwa 2011 chini ya Gavana Chris Christie, ikarudi 2020 alipokwisha kuondoka. Virginia iliingia 2021. Kwa miaka mitatu ilikusanya zaidi ya dola milioni 800, nusu zikiwa za kuboresha nyumba za watu wa kipato cha chini na asilimia 45 za kupambana na mafuriko. Jiji la Norfolk lipo huko, na bamvu likija mitaa yake hujaa maji ya bahari hata pasipo mvua. Gavana Glenn Youngkin alisema ni kodi iliyofichwa kwenye bili za umeme, akalitoa jimbo mwishoni mwa 2023. Novemba 2024 jaji akasema kujitoa huko hakukuwa halali, kwani sheria iliyoliingiza jimbo ilitungwa na bunge, na bunge ndilo lenye uwezo wa kuifuta.

Pennsylvania ilikuwa kinyume chake. Gavana Tom Wolf aliamuru mwaka 2019 jimbo lianze kujiunga, bila bunge. Novemba 2023 mahakama ikasema hiyo ni kodi, na gavana hawezi kutoza kodi peke yake. Kwa hiyo gavana mmoja kaambiwa hawezi kutoka pasipo bunge, mwingine kaambiwa hawezi kuingia pasipo bunge. Novemba 2025 Pennsylvania ikalimaliza: kwenye makubaliano ya bajeti yaliyokuwa yamechelewa kwa miezi, ilifuta kanuni hiyo.

Hasara yake si ndogo, maana Pennsylvania inafua umeme mwingi sana na kuuza nje ya mipaka yake. Maryland, Delaware na New Jersey zimo kwenye gridi moja nayo, pamoja na Ohio na West Virginia. Waya haujui mpaka wa jimbo. Mtambo wa gesi wa Maryland ukinunua kibali unakuwa ghali kidogo, gridi inauruka, inauita mtambo wa makaa wa West Virginia usiolipa chochote. Kwenye vitabu Maryland imepunguza hewa ukaa. Angani hakijabadilika kitu, pengine mambo yamezidi kuharibika. Wataalamu huliita hili kuvuja, na mpango haujawahi kupata dawa yake.

Kasoro nyingine ni ya mitaa. Kibali hakiulizi moshi unatokea wapi. Mtambo mkuukuu katikati ya makazi ya watu maskini unaweza kuendelea ilimradi umenunua, na pamoja na hewa ukaa unatoa vumbi na gesi nyingine zinazobana vifua vya watoto. Mitambo midogo, chini ya megawati 25, haikuguswa kabisa, hata ile ya New York inayowashwa siku za joto kali pekee, tena katikati ya mji. Kuanzia 2021 New York, kwa jimbo lake, ilishusha kipimo hadi megawati 15 kwa baadhi ya mitambo.

Hata hivyo kikomo kimeanza kubana. Mwaka 2014 kilikatwa kwa mkupuo mmoja hadi tani milioni 91, kikawa kinapungua asilimia 2.5 kila mwaka. Baadaye kikakazwa tena. Septemba 2024 kibali kiliuzwa dola 25 na senti 75, zaidi ya mara nane ya bei ya siku ya kwanza. Julai 2025 majimbo kumi yalitangaza ngazi mpya: karibu tani milioni 70 mwaka 2027, kisha kushuka hadi kama milioni 9 ifikapo 2037. Nalo hilo linakuja wakati mahitaji ya umeme, yaliyokuwa yametulia kwa miaka mingi, yanapanda kwa sababu ya vituo vya kompyuta vinavyojengwa kila mahali, Virginia ikiongoza.

Wabunifu wameacha akiba mbili za vibali vya ziada, zitakazofunguliwa bei ikifika viwango walivyopanga, ili bili zisiruke ghafla. Kila akiba ikifunguliwa, kikomo kinalegea kidogo. Mabunge ya majimbo yataanza kusikia kelele za wateja kabla hata akiba ya kwanza haijaisha, na sina shaka lile neno kodi litarudi. Wenye mitambo hawangoji. Kibali cha leo hakina tarehe ya kuisha, na anayehofia bei ya 2030 anaruhusiwa kununua kwenye mnada wa Desemba na kukiweka kabatini.